Kurudia Kitako

Niliharakisha. Nianze na hilo.
Mvua za Machi zilikuwa bado zinaning'inia juu ya Ipuli,
nami nikapaka vanishi saa kumi jioni
kwa kuwa Shinje wa Sikonge alishapiga simu mara tatu:
"Kalunde, ngedere wanamaliza mahindi,
na kibali cha gobore kinaozea mfukoni."

Asubuhi nikalikuta limelia.
Michirizi mitatu, kutoka shavuni hadi kwenye kifyatulio,
na chini yake weupe:
mninga umepata mtoto wa jicho.
Sisimizi mmoja, miguu juu,
amezikwa humo kama mtemi.

Nilitukana. Kisha nikachemsha chai.
Vanishi mbichi haigombwi.
Ukiisugua ingali na utomvu inajikunja,
inajipenyeza kwenye vinyweleo vya mti
na kukaa humo kwa kiburi.
Siku nne kitako kilining'inia kwenye kenchi,
nikipita chini yake nainamisha kichwa
kama mtu anayedaiwa.

Siku ya tano nikavunja chupa,
nikachagua kigae chenye ukingo mnyoofu,
nikakwangua nikifuata nyuzi,
nikifuata tu, bila kuzikata,
mpaka vumbi jekundu likajaa kwenye kope.
Kosa la kwanza lilipotoka
likamfichua mwenzake:
mikwaruzo ya msasa namba themanini
niliyoipitisha mshazari, usiku, kwa tochi ya simu.
Na chini ya huyo, wa tatu,
kibonde pale jiliwa lilipouma.

Kitambaa chenye maji. Pasi ya mkaa.
Fssss.
Mti ulikumbuka kunywa,
ukavimba, ukapanda taratibu;
haukupanda wote.

Mtutu nao.
Kutu niliipanda mwenyewe, kwa chumvi na ndimu,
ikaja kahawia nzuri ya ganda la karanga,
ila karibu na tundu la fataki
limekaa dole gumba langu, zima, na mistari yake,
kama nimeweka sahihi kituoni.

Nikashusha gobore la baba nione yeye alifanyaje.
Kapela, aliyenizaba kofi la kisogo
kwa ufa mwembamba kama unywele:
"Mti hausamehi, Kalunde!"
Nikang'oa vijiti viwili, nikainua mtutu wake.
Chini, gizani, mahali pasipofika jicho la mteja,
kipande cha mninga kimepachikwa,
ukubwa wa harage, gundi imekuwa nyeusi.
Patasi ilimteleza.
Miaka yote ile ilimteleza, akanyamaza.

Nilicheka hadi fundi baiskeli wa jirani
akachungulia na spana mkononi.
Sikumwambia.
Nikarudisha mtutu, nikarudisha vijiti,
nikamfunika baba yangu vizuri.

Langu nikalisugua hadi chuma kikawa cheupe,
nikaanza upya, safari hii mkono ndani ya soksi.
Kitako nikakinyima vanishi.
Nikakipa nta, ya mizinga ya Shinje mwenyewe,
na mafuta ya kitani, na tapentaini kijiko kimoja,
kwa kiganja, mpaka kiganja kiwake.
Kesho yake tena.
Keshokutwa mvua, nikaacha.
Mtondo tena.

Alikuja na basi la saa nne.
Hakusema kitu. Akapitisha dole juu ya mti
polepole, kama anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto,
akafika pale, akasimama.
"Hapa?"
"Hapo jiliwa liliuma," nikasema.
"Nimepapandisha kwa mvuke. Pamebaki kidogo."

Akaliweka begani, akalielekeza ukutani,
shavu lake likaangukia palepale.
Akakaa hivyo muda.
Kisha akahesabu noti za elfu kumi,
akatoa moja kwenye rundo, akaitazama,
akairudisha.