Pini Kwenye Pindo

Jumapili, saa tatu kasoro robo usiku, Skipton.
Namvua Bi Enid viatu, namvisha soksi za sufu,
namwekea mto mgongoni, chai bila sukari,
na miwani mbili: ya kusomea na ya kukosolea.

"Wameirudia," ananiambia, kama mtu aliyesikia
kaburi la nduguye limefukuliwa.
"Wameirudia Harrowthwaite, na hawakuniuliza."

Mwaka sabini na nne alikuwa chumba cha mavazi,
mshonaji wa sita kati ya saba.
Jina lake lilipita mwishoni mwa kipindi
mbio kama basi la Keighley lisilotaka abiria.

Ile ya zamani tunayo kwenye kanda.
Najua lini mlango utabamizwa
na ukuta wote, jiwe la miaka mia tatu,
utatetemeka kama shuka kambani.
Theluji yao ilikuwa chumvi.
Farasi alikuwa mmoja, akapita dirishani mara nne,
tukahesabu farasi wanne.
Na bibi wa jumba, siku ya kuposwa,
alisimama wima kama mshumaa, wala si kwa fahari:
Enid alikuwa kapiga magoti nyuma ya kiti,
nje ya jicho la kamera,
ameshika pindo lililofumuka
kwa pini tatu na pumzi.

"Mkono wangu umo," husema. "Hauonekani, ila umo."

Hii mpya, matope yake ni matope.
Mishumaa ni mishumaa kweli, hata sura hatuzioni.
Naongeza mwanga. Naongeza sauti:
siku hizi wanaposana kwa kunong'ona.
Wale wa zamani walitamka mapenzi kama wasia,
kila neno limepigwa pasi.

Mimi huangalia sinia. Nani kaishika.
Katika ile ya kwanza msichana wa sinia aliingia
mara kumi na moja, nimemhesabu,
hakupewa hata "ndiyo".
Na bwana wa jumba alirudi "kutoka visiwani"
na masanduku, na afya njema,
asiulizwe visiwa gani, wala nani alikata miwa.
Chai ikamiminwa. Sukari, vijiko viwili.

Leo mlango unafunguka, hautikisiki,
na bibi wa jumba anashuka ngazi
na uso wa binti yangu.
Rangi ile. Shingo ile ya Shamsa akikataa kula.
Kijiko changu kinasimama ndani ya kikombe.
Simtazami Bi Enid. Nangoja.
Miaka kumi na tisa nchi hii imenifunza
kungoja sentensi ya pili,
ile inayoanza na "lakini".

Anavua miwani ya kusomea, anavaa ile nyingine.
Anasogea, nimemshika kwapani,
hadi pumzi yake inautia ukungu uso wa mtoto wa watu.
"Lakini," anasema.

"Lakini kola imekatwa upande!
Shingo nzuri namna hii, wameifunga kama gunia.
Mjinga gani kashona?"

Nacheka hadi chai inaniunguza.
Yeye hacheki. Ananigeuza kwenye taa,
na vidole vilivyopindwa na baridi yabisi
vinapima shingo yangu kwa utepe asio nao,
vinakunja hewa, vinabana hewa.
"Tulia," anasema, midomo kaibana
kwa pini zisizokuwepo. "Usipumue."

Nyuma yake, kwenye kioo, msichana wa sinia
ameitua sinia mezani.
Anafungua kinywa. Anasema jambo refu,
chumba kizima kinamgeukia.

Sikusikia hata neno.
Nilikuwa nimeambiwa nitulie.
Nilipopata remoti kwenye mikunjo ya blanketi
majina yalikwisha anza kupanda,
na Bi Enid, pua kwenye kioo,
alikuwa akimtafuta wa sita.