Rafu ya Kilimo

Swali langu lilikuwa fupi:
udongo wa Jangwani, ukilowa siku tatu,
unabeba nini?
Dakta Rwegoshora alilisoma, akavua miwani.
"Zuri. Sasa niambie nani aliliuliza kabla yako."

Nikaanza na simu, kama kila mtu.
Mtandao ukanipa mfinyanzi wa London,
mfinyanzi wa Meksiko, mfinyanzi wa Bangkok,
makala elfu kumi na mbili kwa sekunde isiyotimia,
zote zimevaa tai.
Niliyoitaka ilikuwa ya kumi na tisa:
ikisiri wazi, mwili umefungwa,
na mlangoni bei, dola thelathini na tisa.
Nikazigeuza kuwa sahani za chipsi mayai.
Nikafunga dirisha.
Bando nalo likaisha, bila kuaga.

Wenzangu wa maabara ya zege wana njia zao.
Kisinda ana binamu Trondheim, humtumia orodha
kama mtu anayeagiza viatu.
Mwantumu humwandikia mwandishi mwenyewe,
salamu mbili, ombi moja, asante ya mapema.
"Wanajibu," anasema. "Wanafurahi kwamba kuna aliyesoma."
Wangu alijibu baada ya siku tisa: amestaafu,
faili lilibaki kwenye kompyuta ya ofisi,
na ofisi sasa ni ya mwingine.

Basi nikapanda ghorofa ya pili, Mlimani,
saa nane mchana, feni moja ikizunguka kwa masharti.
Bi Sikudhani Mbwilo hakuuliza jina la kitabu.
"Unatafuta nini hasa?"
Nikasema, jiotekniki.
"Hilo neno ni lako. Waliochimba hawakuliita hivyo.
Tafuta kwa mdomo wa aliyeandika."

Akanifungulia hifadhidata ambazo chuo kilishazilipia,
nami miezi yote nabisha hodi dirishani,
kumbe ufunguo ni namba yangu ya usajili.
Niliona aibu. Akajifanya hajaona.
Akanionyesha alama za nukuu, zinavyofunga maneno mawili
kama kamba na kuni;
akanionyesha kusoma makala kuanzia mkiani, kwenye marejeo.
Ya 2004 ikanitupa kwa ya 1991,
ya 1991 ikanitupa kwenye tanbihi:
ripoti ya upimaji, bonde la Msimbazi, haijachapishwa.

Haijachapishwa. Nikaanza kukunja waya wa chaji.
Yeye akavuta droo ya kadi, ile ambayo sote
tulidhani imewekwa kama pambo,
akalamba kidole, akahesabu, akasoma:
"Msimbazi. Mpunga."
Mpunga?
Rafu ya Kilimo, chini kabisa,
kati ya magonjwa ya mihogo na ufugaji wa nyuki.

Walitoboa mashimo ishirini na mawili
wakitaka kujua kama mpunga utakubali.
Haukukubali. Lakini kila shimo lina kina chake,
rangi yake, unyevu wake, umbali wa maji,
majedwali ya taipureta, kila e imeziba wino.
Kadi ya kuazima: muhuri wa mwisho, Machi 1983.
Na shimo la kumi na nne
kuna mtu amekata namba kwa penseli, akaweka nyingine,
na ukingoni: nilipima tena. A.M.

Nilikaa na herufi hizo mbili
kuliko nilivyokaa na majedwali yote.
Hakuna aliyemtuma. Mpunga ulishakataa.
Alirudi tu kwenye tope na kamba yake.
Aprili nikapima mahali pale pale:
namba yangu na ya penseli zinapishana kidole.

Tukaiskani yote, kurasa sitini na moja,
iingie kwenye hazina ya chuo, bure, bila mlango.
"Weka maneno ya kutafutia," akasema Bi Sikudhani.
Nikaandika: mpunga. Kwa heshima.
Kisha Msimbazi, mafuriko, udongo;
jiotekniki, kwa wajivuni wenzangu;
na tope, kwa sababu kuna atakayekuja na swali
kabla hajajua linaitwaje.
Nafasi ya mwisho nikaweka A.M.
Mfumo ukakataa: neno fupi mno.
Nikaongeza: alipima tena.