Vitobo

Ibra, chumba cha nyuma, kiyoyozi kinakohoa.
Nimetandika turubai la mita mbili juu ya busati,
na mama ameketi kwenye kiti chake cha plastiki
akiniuliza, kwa mara ya nne tangu alfajiri,
mimi ni binti wa nani.

Kazi yangu ni nyaya. Hospitalini
nagawa nywele za watu kwa kitana cha mkia,
napaka gundi baridi, nabandika vifungo ishirini na kimoja,
nawaambia: fumba macho, fumbua, pumua.
Kalamu za mashine siku hizi hazipo, ni kioo tu,
lakini mstari ni uleule, unapanda, unashuka
kama mshono wa mtu mwenye haraka.

Mama nilimpima mwenyewe, Jumapili, saa tatu.
Alipofumba macho nilingoja yale mawimbi ya utulivu,
kumi kwa sekunde, yanayomjia kila mtu
kama mbuzi wanaorudi zizini bila kuitwa.
Walirudi sita. Wazito, wamelowa.
Dakika ya saba aliung'oa waya wa sikioni:
"Huyu mdudu ananisikiliza."

Picha ya sumaku ikafuata: kichwa kimekatwa vipande
vyembamba kama limau la achari,
na ndani, palipotakiwa pawe pamejaa, giza limejipenyeza.
Daktari Girgis alizungusha kalamu hewani, asiguse kioo.
"Hapa. Na hapa. Na hapa pametoboka."
(Neno lake la Kiarabu lilikuwa jingine, la adabu;
la kutoboka ni langu, nimelitoa kwetu.)

Ndipo nikaanza kushona.
Nyuzi za manyoya ya mbuzi, kutoka soko la wanawake la Jumatano;
nili ya Bahla, inayochafua vidole mpaka Ijumaa;
na nyekundu ya mizizi, kidogo, kwa ajili ya usingizi.
Sekunde moja, mstari mmoja.
Sikuchora uso. Sikuchora ua, wala mnara.
Jirani Muhra alichungulia: "Hii ni milima?"
"Hapana."
"Basi deni la nani?"
maana ilifanana na daftari la duka.

Na pale penye dakika ya saba, waya ulipong'oka,
mashine haikuandika kitu. Nami sikuvumilia.
Nilijaza. Nilishona kumi kumi, sawasawa,
utulivu wa kuazima kutoka kichwa cha mwanafunzi mmoja
mwenye afya yake.
Nani angejua?

Leo mama ameinama. Kidole chake cha shahada
kinapita juu ya mistari kama cha msomaji wa juzuu,
hatamki, midomo tu inatikisika.
Kinapita, kinapita,
kinasimama.
"Hapa," anasema, kwa Kiswahili cha Wete,
Kiarabu kimeshamtoka tangu Ramadhani,
"hapa hujashona. Hapa umejaza."

Nakaa kimya.

"Lete mkasi."
Anafumua polepole. Mwanamke asiyejua tena
mlango wa msala uko wapi
anajua uzi upi uvutwe kwanza.
Kisha sindano: anachoma, anaizungusha mpaka tundu lifunguke,
analizungushia uzi mweupe, ukingo mgumu kama punje ya mtama.
Tobo moja, la pili, safu,
vile alivyoshona kofia za waume wa watu miaka arubaini,
ada zetu za shule zikitoka humo, tundu kwa tundu.
"Ukiziba kote," anasema, "kichwa kitapumua wapi?"

Mwezi ujao wataitundika Maskati, kwenye ukuta mweupe,
wataniomba jina, na maelezo ya maneno mia.
Sijui nitaandika nini.
Sasa hivi nimeiinua dirishani, jua linapita kwenye vitobo
na kumwagika busatini, nukta nukta,
na mama anazihesabu, anakosea, anaanza upya,
kisha ananitazama.
"We fundi, mama yako nani?"

Namtungia uzi kwenye sindano.