Kisanduku Ndani ya Kisanduku

Alhamisi, saa nane mchana, Nizwa.
Kipoza hewa kinakoroma juu ya kichwa changu,
chai ya karaki imeota utando kwenye kikombe cha karatasi,
nami nakokota visanduku.

Vya manjano ni kazi za watu,
vya samawati ni programu,
vya kijani ni mashine na nyaya:
Idara ya Maji nzima imelala kwenye kioo changu
kama dagaa walioanikwa.

Nilipoingiza Kusoma Mita ndani ya Huduma kwa Wateja,
kidirisha kilichomoza, kikauliza kwa adabu:
huyu ni kiungo cha yule, hawezi kuishi bila yeye?
Au ni mwanachama tu, akitoka anatoka mzima?
Au umewabananisha kwa kuwa nafasi imekwisha?

Mimi mvivu. Nilibofya la kwanza.
Wiki nzima nilibofya la kwanza.

Mama, tulipohama Barka,
alipakia sufuria zake saba moja ndani ya nyingine,
ya ubwabwa ikameza ya mchuzi,
ya mchuzi ikameza ya uji.
Hamali akauliza: mzigo mmoja?
Mama akamjibu: mmoja kwa kubeba.
Saba kwa kupika.

Hayo sikuyakumbuka jana,
Mhandisi Yaarub aliposimama mlangoni akasema
futa Huduma kwa Wateja, inahamia Maskati.
Nikafuta.
Kikaondoka na wanawe wote:
Kusoma Mita, Malalamiko, Bili za Misikiti,
na katikati yao kisanduku kidogo, Badrani,
maana sikujua nimweke wapi mtu
anayejua kila koki kutoka Firq hadi Tanuf.
Kioo kikabaki cheupe, kisafi.
Hakuna aliyepiga kelele.

Nilirudi nyuma hatua moja, mbili, kumi na nne,
hadi wote wakaketi tena mahali pao.

Leo nafumua.
Mstari mzima naubakiza kwa wanaokufa pamoja,
nao, nikiwahesabu kweli, ni wachache.
Waliobaki nawazungushia vidoti:
kamba tu, haidai kumzaa aliye ndani.

Imebaki falaji.
Inapita vijiji vitatu, na kila kijiji kina kisanduku chake.
Nimeichora mara tatu.

Badrani ameingia kutia saini karatasi za mafuta ya gari.
Amesimama nyuma ya kiti changu, ananuka klorini.
"Mbona falaji yangu imezaa?"
Ni moja, namwambia. Tazama orodha hapa pembeni.
Inaonekana mara tatu, ipo mara moja.
Badilisha jina huku, na kule linabadilika.

Anakuna ndevu.
"Kama zamu, basi. Saa ya alfajiri ni ya msikiti,
ya usiku ni ya shangazi yangu Shinuna,
na maji hayajui yanaitwa ya nani."
Kisha, kama asiyejali:
"Na mimi umeniweka kwa nani?"

Namwonyesha.
Nje ya visanduku vyote, kwenye weupe wa ukurasa,
na mistari kumi na moja inamtoka kila upande
ikikatiza picha yangu nzuri vipande vipande.

Anainama kuisoma. Anafuata mmoja kwa kidole
hadi kwenye pampu ya Birkat al-Mawz,
anatikisa kichwa, anasema huu umekosea,
ile nilishaifunga mwezi wa Rajabu.

Ameacha alama ya tope juu ya kioo.
Jumapili Yaarub atakuja kukagua,
ataikwangua kwa ukucha, haitatoka,
ataniuliza hiki nacho ni cha kundi gani.