Mtalawanda

Toki, mwezi wa nane. Bonde la wafinyanzi.
Hapa udongo umechomwa tangu enzi za mababu wa mababu,
nasi tuliokuja nyuma tukajenga tanuri jingine kilimani,
mviringo wenye uwazi katikati, kama bangili,
sumaku ndiyo ukuta wake,
na kilichomo kisiguse kitu.
Kikigusa, kinazimika.

Pigo la mwisho la siku. Shigematsu anahesabu
kwa sauti yake ya mafua: tatu, mbili, moja.
Gesi isiyofikia uzito wa punje ya mchele
inawaka kuliko kitovu cha jua,
na kwenye kioo tunaona wekundu hafifu tu, pembezoni,
maana penye moto mkali kabisa
hapaonekani kitu.

Nilifundishwa kuanza na chembe moja.
Chembe moja ni tiifu. Inajisokota kwenye uzi wa sumaku,
inakwenda, inafika penye nguvu, inasita,
inarudi kinyumenyume.
Ichore njia yake ubaoni, utapata ndizi.
Naam, ndizi. Ndivyo tunavyoandika, bila kucheka,
katika ripoti zenye mhuri wa wizara.

Lakini chembe haziji moja moja.
Leo tulipofungua mwale wa chembe za kasi
skrini ilichora mstari mwembamba, kilohezi sitini,
ukapanda, ukakatika, ukapanda tena.
Wimbi.
Hakuna aliyelituma.
Chembe zilikuwa zikipita tu, kila moja na safari yake,
na nyuzi za sumaku zikatikisika kama nyuzi za zeze;
iliyolitangulia wimbi kidogo ikalisukuma,
iliyochelewa ikabebwa,
hadi kilichozaliwa na umati kikawa bwana wa umati,
kikazitupa nje theluthi nzima.
Kikulacho ki nguoni mwako,
na humu hata nguo hamna.

“Tunarudia?” akauliza Shigematsu.
Nikamwambia, ngoja.

Nilikuwa Gujo.
Wiki iliyopita, usiku ule wa kuwakumbuka wafu,
mji mzima ukicheza hadi kunakucha
kuzunguka kibanda cha mbao chenye ngoma na filimbi,
mvua ikinyesha, hakuna aliyejali,
mitalawanda elfu ikigonga barabara kwa pamoja.
Dada yangu Etsuko alikuwa upande wa pili wa duara.
Hatujasemezana tangu nyumba ya Mama iuzwe.
Mbele mbili, nyuma moja, kofi.
Mimi nilikuwa na haraka. Sijui ya nini.
Nilikanyaga kabla ya mdundo, nikawasukuma wa mbele,
nao wakausukuma mdundo,
na mdundo, ulipokwisha kushiba nguvu zangu,
ukanitema ukingoni, kwenye mlango wa duka la soba,
mguu mmoja mtupu.

Mtalawanda wangu ulibaki ndani.

Nikasimama, maji yakinitiririka shingoni.
Duara likapita. Likapita tena.
Mzunguko wa tatu nikamwona Etsuko,
kanda ya mtalawanda wangu imening'inia kidoleni mwake.
Akauinua nikauona.
Hakusimama. Mbele mbili, nyuma moja.
Akapotea nyuma ya kibanda,
akarudi, akauinua,
akapotea.
Angeweza kutoka. Ningeweza kuingia.

“Daktari Onodera?” Shigematsu anakohoa.
“Sumaku zinapoa. Tuna dakika kumi.”

Punguza mwale, nasema. Ongeza gesi kidogo,
tuone kama wimbi litapungua ukali.
Sikuahidi chochote. Anahesabu.
Wekundu unaingia kwenye kioo, hafifu,
na mstari wa kilohezi sitini unachomoza,
mwembamba kuliko mwanzo, lakini upo,
ukipanda.

Mfukoni simu inatetemeka mara moja.
Siitoi. Nahesabu sekunde,
mguu wangu wa kulia, chini ya meza,
umeshatoka kwenye kiatu.