Kata Iliyojifunza Kusema

Miaka kumi na tisa nilisoma mita za maji Dodoma,
Chadulu, Kizota, Nkuhungu hadi bomba linapoishia,
daftari kwapani, kalamu sikioni,
vumbi la Agosti likinihesabu meno.
Nafunua kifuniko, namfukuza mjusi,
natema mate kidogo juu ya kioo, nafuta kwa dole gumba,
naandika: mia nne na kumi na mbili.

Haikuwa namba tu.
Nilijua nyumba iliyopata mtoto kabla shangazi zake hawajajua.
Nilijua nani kapangisha chumba cha uani kimyakimya,
nani anafyatua tofali kwa maji ya jirani,
na mzee gani wa kanisa anapika pombe ya uwele stoo.
Nilijua, nikafunika.
Siku ya kwanza kazini niliinua mkono mbele ya Bwana Malogo,
nikatia sahihi karatasi yenye mhuri wa zambarau:
ya mteja hayatoki.
Siri ya mtungi aijuaye kata.
Kata nilikuwa mimi. Sikuwa na mdomo.

Kisha zikaja mita mpya,
nyeupe, zenye jicho dogo la kijani
na laini ya simu tumboni.
Kila robo saa zinapeleka habari
mahali ambapo, nilipouliza ni wapi,
fundi alinyoosha kidole juu
kama mtu anayeonyesha Mungu.
Spana ya kuzifunga nikapewa mimi.

Kwa Sechelela, nyuma ya mashine ya kusaga,
alisimama na ndoo akinitazama nikikaza nati.
"Na hiki kimeapa?"
Nikacheka. Nikasema hakina mkono wa kuinua.
Yeye hakucheka.

Ndahani, mumewe, alikuwa chumba cha ndani mwezi wa saba,
upande mmoja wa mwili umemwacha.
Saa tisa usiku, mgao ukifika, bomba likikohoa,
Sechelela alimwosha,
akafua mashuka gizani, akayaanika,
upepo wetu huu ukayakausha,
jogoo wa pili asikute kitu kwenye kamba.
Majirani hawakujua. Ndivyo alivyotaka Ndahani,
mwalimu aliyekuwa akikagua kucha za watoto wa mtaa mzima.

Simu ikalia.
MPENDWA MTEJA, TUMEBAINI MATUMIZI YASIYO YA KAWAIDA
SAA 9 USIKU. KAGUA UVUJAJI.

Wiki haijaisha, kijana wa duka moja huko Majengo,
asiyemfahamu wala kumwona, akampigia
kumuuzia nepi za watu wazima.
Namba kapewa na nani?
Nani kakaa mahali akajumlisha maji na usiku
akapata mgonjwa?

Tukaitwa kutoa maoni juu ya kanuni.
Kiyoyozi, chupa za maji mezani, kila moja na kizibo chake.
Nikasimama: saa tisa ya Sechelela ni mali ya nani?
Huko inakokaa itakaa miaka mingapi?
Akitaka ifutwe, apige hodi mlango upi?
Mwenyekiti aliandika.
Akasema limepokelewa, litafanyiwa kazi.
Sikumchukia. Alikuwa na uso wa mtu
ambaye naye ana mita nyumbani kwake.

Ndahani alifariki siku ya Ijumaa.
Ardhi ilikuwa ngumu, sururu ikatoa cheche.

Baada ya arobaini nilikwenda kumjulia hali,
nimekaa kwenye kigoda, sina daftari.
Simu ikalia. Akanipa nimsomee,
miwani yake ilikuwa ndani.
HONGERA! MATUMIZI YAKO YA USIKU
YAMEPUNGUA KWA ASILIMIA 94.

Miaka kumi na tisa ya kusoma.
Ile sikuisoma.
Nikamwambia, matangazo tu, mama, ya bahati nasibu,
nikabonyeza, nikafuta.

Ile ya kwenye simu.
Ya kule fundi alikonyooshea kidole,
sijui.