Vidole Viwili na Ukucha

Kila Jumatatu natoka nyuma ya nyumba
na ufito wa mwanzi alioukata Eunan kabla hajafa.
Nafungua kifuniko cha tangi la kijani,
nauzamisha hadi ugonge chini,
nauchomoa, naunusa,
naweka mkono palipolowa.
Desemba tarehe tatu: vidole vinne.
Tarehe kumi: vidole viwili na ukucha.

Hapa Strabane mafuta ya taa hayawashi taa.
Yanachemsha maji, maji yanapita ukutani,
nasi tunajibanza kwenye chuma chenye uvuguvugu
kama paka waliokosa jiko.

Nikapiga simu. Mwenye lori akasema
hashushi chini ya lita mia tano,
akataja bei.
Nikamwambia asante, nilikuwa nauliza tu,
kama mtu aliyeshika kitambaa dukani
akakirudisha taratibu, asionekane.

Basi nanunua dumu, lita ishirini,
pale kituo cha petroli karibu na daraja.
Nalisukuma kilimani kwa kigari cha mjukuu.
Mama mmoja akainama kumtazama mtoto.
Nikamwambia: amelala.

Chumba cha wageni nilikifunga Oktoba.
Sebule ikafuata.
Nalala na koti la Eunan juu ya blanketi tatu;
mfukoni mna risiti ya mbegu za viazi
na peremende iliyogandana na karatasi yake.
Bahasha ya umeme ina kidirisha,
jina langu linachungulia humo kama mahabusu.
Sijaifungua. Najua linataka nini.

Upande wa pili wa ukuta anaishi dada yangu Dympna.
Miaka tisa hatusemezani, kisa saa ya mama.
Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime:
mtaa mzima ulilima, miaka tisa,
hakuna aliyeinua kichwa.
Nilikuwa nasikia kikohozi chake usiku,
bomba lake, kijiko chake kikombeni,
na nikipapasa ukuta kwa kiganja
ulikuwa baridi, baridi ya kaburi,
maana kila mmoja wetu alikuwa anangoja
mwenzake aupashe moto.

Tarehe kumi na mbili, saa mbili usiku, hodi.
Dympna, kofia mbili kichwani,
koti limevimba upande mmoja.
"Attracta. Kwako vingapi?"
"Viwili na ukucha."
"Kwangu kimoja."
Tukasimama mlangoni, joto likitoka,
joto la pesa, tukilitazama likienda barabarani,
hata nikasema: "Ingia basi, ufunge mlango."

Kutoka kwenye koti akatoa saa.
Akaiweka juu ya rafu, akaigeuza kidogo,
akasema kwake itaganda, chemchemi zitakatika.
Hakusema samahani.
Sikumdai.

Sasa tunawasha nyumba moja.
Wasiojua watasema tumepatana.
Anamaliza sukari. Ananizimia taa nikiwa bado nasoma.
Anakohoa mle mle ninamolala
na saa ya mama inachelewa dakika kumi,
kitu ambacho hakunieleza miaka yote tisa.
Usiku miguu yake, vipande viwili vya barafu,
inatafuta yangu kama zamani tukiwa watoto,
naisukuma,
inarudi,
naiacha.

Leo Jumatatu. Theluji imekaa juu ya tangi.
Nazamisha ufito, nauchomoa.
Dympna yuko dirishani jikoni,
amefuta ukungu kwa mkono wa sweta,
ananyanyua nyusi: vingapi?

Ni kimoja. Labda na ukucha.
Namnyooshea viwili.
Anatikisa kichwa, anaenda kuteleka chai,
na nikiingia naona maji aliyoweka
yanatosha kikombe kimoja na nusu,
na kikombe kizima ameniwekea mimi.